Kolo wa Lunga Lunga

Leo sina siasa wala bei ya unga. Nataka tuzungumze habari za watu wanaofungwa. Si wafungwa wa jela. Ni wale wanaofungwa mabao, wakafungwa tena, na juma linalofuata ukawakuta wamevaa jezi ileile.

Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga iliifunga Simba mabao matano kwa moja pale Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam. Aprili 2024 ikaifunga mbili kwa moja. Agosti mwaka huohuo, kwenye Ngao ya Jamii, moja bila. Oktoba, moja bila tena, na bao lenyewe beki wa Simba alijifunga zikiwa zimebaki dakika chache mpira kumalizika. Juni 2025, mbili bila. Septemba 2025, Ngao ya Jamii nyingine, moja bila. Mechi sita, vipigo sita. Ukijumlisha unapata Yanga 12, Simba 2. Na ligi nayo Yanga ilikuwa imeibeba misimu minne mfululizo, kuanzia 2021/22 hadi 2024/25.

Mtu wa bara akitusikia atauliza, hayo ya Dar es Salaam yawahusu nini watu wa Kwale? Huyo hajafika Lunga Lunga. Ukisimama pale kituo cha forodha, Tanga iko karibu kuliko Mombasa. Kutoka Horohoro, ng'ambo ya mpaka, ni lami ya kilomita kama 65 tu, na hakuna feri ya kukuchelewesha kama pale Likoni. Mdigo wa Lunga Lunga ana shangazi Duga na binamu Jasini, na harusi ya upande ule huenda akala pilau yake akamaliza bila kukumbuka kwamba yuko nchi nyingine. Malori ya machungwa ya Muheza yanapita hapa, na dereva hakosi kitambaa kwenye kioo, kama si chekundu basi cha kijani na njano. King'amuzi cha Azam ndicho kinachojaza vibanda vya kutazamia mpira. Kwa hiyo mtoto wa hapa uraia anaupata Kenya, timu anapewa na mjomba wa Tanga.

Gor Mahia na Ingwe, timu za Kenya yetu, tunawasikia, hatuwakatai. Lakini niseme kweli, Joash Onyango tulimjua vizuri zaidi alipovaa jezi nyekundu ya Simba kuliko alipokuwa na Gor.

Sasa turudi kwenye siku ya mabao matano. Kibanda umiza cha kwetu ni cha mabati, benchi za mbao, feni moja inayozunguka kwa hiari yake. Yanga walitangulia dakika ya 3, Kennedy Musonda. Dakika ya 9 Kibu Denis akasawazisha, na mpaka mapumziko wenye kelele walikuwa Simba. Watu wakatoka kununua kachiri na viazi karai, wakarudi wanacheka. Kisha dakika ya 64 Max Nzengeli akafunga. La pili hilo, linavumilika. Dakika ya 73 Aziz Ki. Hapo simu za mashabiki wa Simba zikaanza kuita, ajabu, zote kwa wakati mmoja, na kila mwenye simu akalazimika kutoka nje apokee. Dakika ya 77 Nzengeli tena. Waliobaki wakakumbuka kwamba hawajaswali. Dakika ya 87 Pacome Zouzoua akapiga penalti, na ilipoingia benchi za upande wa Simba zilikuwa na mzee mmoja tu. Alibaki, alisema, kwa kuwa kiingilio amekilipa na mpira haujaisha.

Mzee yule ndiye aliyenitia hamu ya kuzungumza haya.

Maana shabiki wa timu inayofungwa ana kazi ngumu kuliko mchezaji wake. Mchezaji anauzwa. Kocha anafungashiwa virago. Yule Robertinho, Mbrazili, aliondolewa siku mbili baada ya yale mabao matano. Akaja Benchikha, naye hakumaliza msimu. Akaja Fadlu Davids, akakaa msimu mmoja na kidogo, akaenda zake Morocco. Viongozi wanapokezana. Shabiki ndiye asiye na dirisha la usajili. Kesho asubuhi lazima apite palepale penye kahawa, na wamemkalia.

Asubuhi ya Novemba 6 hapa Lunga Lunga hakuna aliyesalimia kwa mdomo. Ilikuwa mkono unainuliwa, vidole vitano vimetanuliwa. Kijana wa bodaboda, Simba damu, alisimamisha pikipiki penye mahamri, akamwambia mama, "Shikamoo mama, nipe ya ishirini." Mama akamjibu, "Marahaba mwanangu. Ya ishirini ni mawili, lakini wewe leo nitakupa matano, yako mawili na matatu ya msiba." Baraza zima likaanguka kicheko. Kijana akayachukua matano, akala yote papo hapo, akasema, "Mama, Mungu akuzidishie, na mkifungwa mimi nitakuja na mbaazi."

Nimewatazama watu hawa katika vipigo vyote sita, na nawaambia, hakuna wanasheria wanaowashinda kwa kujitetea. Kipigo cha kwanza huwa cha mwamuzi. Cha pili ni cha viongozi, wameila hela ya usajili. Cha tatu wanakitafutia sababu kule kwenye kamati ya ufundi, na kila anayefuata mpira wa Tanzania anajua kamati hiyo ni ya waganga, haifundishi kupiga pasi. Cha nne, timu inajengwa. Kila Agosti timu inajengwa. Cha tano na cha sita hawana tena la kusema kuhusu leo, basi wanakimbilia jana.

Na jana ya Simba ni tamu, msikilizaji, tusiwadhulumu. Julai 1977 waliifunga Yanga sita bila, na Abdallah Kibadeni peke yake alifunga matatu. Tarehe 6 Mei 2012 wakaifunga tano bila. Utamkuta kijana ambaye babake mwenyewe mwaka 1977 alikuwa hajaoa, anakusimulia bao la tatu la Kibadeni kama aliyekuwa amekaa nyuma ya goli. Ukimuuliza aliyaona wapi, anakuambia hayo mambo hayahitaji kuonwa. Wa Yanga naye hakubali, anamkumbusha kwamba mwaka 1968 Yanga nao walipiga tano bila. Hapo sasa mabishano yamehamia kwa marehemu, na hakuna shahidi.

Kimbilio jingine ni Afrika. Msimu wa 2024/25, huku nyumbani mambo yakiwa ndiyo hayo, Simba ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho. Ikafungwa mbili bila kule Berkane, Morocco, na mechi ya marudiano, Mei 25, 2025, pale New Amaan, Zanzibar, ikatoka sare moja kwa moja. Kombe likaenda. Kwa hiyo hata kimbilio lenyewe lilikuwa kipigo! Lakini ukimsikiliza wa Simba anavyolitaja, utadhani kombe liko kabatini kwake. "Sisi tulicheza fainali." Na wa Yanga anamjibu, "Hata sisi 2023 tulicheza, tena USM Alger kwa jumla hakutushinda, mechi zote mbili ilikuwa mbili kwa mbili, akapita kwa bao la ugenini." Watu wazima wawili, wana wake na watoto, wanashindana ni nani aliyekosa kombe kwa heshima zaidi.

Ile Machi 8, 2025 ndiyo iliyovunja rekodi. Usiku wa kuamkia mechi, Simba walikwenda uwanjani kufanya mazoezi wakazuiwa mlangoni, wakatangaza hawachezi, na mechi ikaahirishwa siku yenyewe ya mchezo. Watu walikuwa wameshafika Dar kwa mabasi, nauli imekwenda. Kwetu hapa upande wa Simba walipokea habari hiyo kwa vigelegele. Siku ya derby imepita na hawajafungwa. Kwa hali waliyokuwa nayo, hayo yalikuwa matokeo mazuri.

Niende mbali kidogo, halafu nitarudi. Wamarekani wana mchezo wao wa besiboli, ambapo timu hucheza mechi 162 kwa msimu, karibu kila siku, kwa hiyo anayefungwa anafungwa leo, kesho, na kesho kutwa. Mwaka 2024 timu ya Chicago White Sox ilifungwa mechi 121, rekodi ya zama hizi, na katikati yake kuna wakati ilifungwa 21 mfululizo. Mwisho wa msimu, ilipokuwa imebaki mechi moja tu kuivunja rekodi ya kufungwa, watu walikuja uwanjani Chicago waione historia ikiandikwa. Timu ikashinda mechi tatu zote za nyumbani, rekodi ikaenda kupatikana Detroit. Hata kufungwa mbele ya watu wao waliwanyima.

Lakini mimi napenda zaidi kisa cha Baltimore, mwaka 1988. Timu yao, Orioles, ilianza msimu kwa kufungwa mechi 21 za kwanza, mfululizo. Ikashinda moja, ikafungwa mbili tena. Ikarudi nyumbani ikiwa na ushindi 1 na vipigo 23. Jioni ya Mei 2, walipoingia uwanjani kwao, waliwakuta watu zaidi ya 50,000 wanawangoja. Elfu hamsini, siku ya Jumatatu, kuishangilia timu mbovu kuliko zote. Usiku ule wakashinda, na msimu mzima uliobaki waliendelea kuwa wabovu.

Wengi wakisikia hayo husema ni mapenzi, ni uaminifu. Mimi sikubali, au sikubali yote. Mapenzi peke yake hayamtoi mtu nyumbani baada ya vipigo 23. Ukiwa na huzuni na uko peke yako unazima redio, unalala. Kinachomtoa ni kwamba mji mzima unacheka, na yeye hataki kichekwe kitu chake naye hayupo.

Na hapa ndipo mimi naona watu wetu wa pwani wana utaalamu kuliko Wamarekani. Wazee wa upande wa Tanga, Wazigua na Wabondei na wenzao, wana utani wa makabila. Mtani wako anakuja kwenye matanga yako, na wakati wewe unalia yeye anaigiza marehemu alivyokuwa akitembea. Anaweza kuziba njia jeneza lisipite mpaka apewe chochote. Mgeni asiyejua atasema huyu hana adabu. Lakini mtani huyohuyo ndiye anayechimba kaburi, ndiye anayechota maji na kupasua kuni. Leseni ya kukucheka ameipata kwa kuwa na wajibu kwako. Simba na Yanga kuitwa watani wa jadi si maneno ya watangazaji kujaza muda. Zimezaliwa Kariakoo pamoja, Yanga 1935, Simba 1936, na wazee wa huko walizilea hivyo kama makabila mawili yanayotaniana.

Ndiyo maana vipigo sita havikumwondoa mtu kibandani. Kolo, ndivyo tunavyomwita shabiki wa Simba, aliyefungwa sita alikuwa mtu mashuhuri hapa Lunga Lunga. Akipita, anaitwa. Akikaa, anazungukwa. Anaagiziwa kahawa ili asiondoke, maana akiondoka wa Yanga watacheka nini? Na asisahau aliyekuwa akicheka kwamba alishakuwa upande wa pili: kuanzia 2017/18 mpaka 2020/21 ni Simba waliobeba ligi mara nne, na Utopolo, yaani Yanga, ndio waliokuwa wakipita njia ya nyuma ya soko. Wakati huo msemaji wa Simba alikuwa Haji Manara, na sijui kama Yanga imewahi kutukanwa kwa ufundi kama ule. Mwaka 2021 Manara akahamia Yanga, akaendelea na kazi ileile, akageuza tu mdomo. Watani hata wasemaji wanaazimana.

Timu iliyokufa utaijua. Haitaniwi. Niwaulize, nani amewahi kumtania mwenziwe kwa sababu ya Feisal? Feisal ya Mombasa ilichukua ubingwa wa Kenya mwaka 1965, na tangu hapo hakuna timu ya pwani iliyoubeba tena. Hesabu mwenyewe miaka. Bandari ilikaribia, ikamaliza ya pili mwaka 2018 na tena 2018/19, mara zote nyuma ya Gor Mahia. Huo ni ukame mkubwa mara nyingi kuliko wa Simba. Je, umewahi kumwona mtu Msambweni amenuna kwa ajili yake? Umewahi kumwona mtu Ukunda anainuliwa vidole? Hatununi kwa sababu hakuna wa kutucheka, na hakuna wa kutucheka kwa sababu hatukujenga jirani wa kushindana naye. Hilo linaniuma mimi zaidi ya mabao 12.

Sasa kuna jambo limeingia ambalo si utani, na lazima nilitaje. Mwaka 2022 ukizitazama jezi za hao watani wawili, kifuani mwa kila moja kulikuwa na jina la kampuni ya kamari: Simba M-Bet, Yanga SportPesa. Sizilaumu timu kwa kutafuta hela. Nasema nilichokiona kibandani. Zamani mtu akifungwa, alikuwa amefungwa pamoja na wenzake, benchi nzima. Siku hizi unamwona kijana amevaa nyekundu, Simba inafungwa, naye hasikitiki wala hafurahi, macho yako kwenye simu. Unakuja kujua ameweka mkeka, na ndani ya mkeka kampa Yanga. Au kampa Simba na timu nyingine tisa za nchi asizozijua, na hela ni ya mafuta ya pikipiki ya tajiri wake. Huyo kipigo chake hakina benchi. Ukimwinulia vidole vitano hatacheka, atakupiga, kwa kuwa wewe unazungumzia mabao na yeye anahesabu shilingi. Ugomvi wa kweli niliouona penye mpira miaka ya karibuni, sikuuona baina ya Simba na Yanga. Ulikuwa baina ya mtu na mkeka wake, na aliyekuwa karibu akaupata.

Huzuni ya mpira ikimkuta mtu peke yake si mchezo. Mei 2009 Manchester United iliifunga Arsenal tatu kwa moja kwenye nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, na usiku huohuo kijana mmoja wa Nairobi, shabiki wa Arsenal, akajitoa uhai, amevaa jezi ya timu yake. Gazeti liliandika ni kwa sababu ya mechi. Mimi moyo wa mtu siusomei kwenye gazeti, huenda alikuwa na mengi. Lakini kila nikikumbuka habari ile najiuliza baada ya mechi ile alikuwa na nani. Kwa hiyo ukimwona mwenzako ananyamaza kwa namna ambayo si ya kununa, acha vidole vyako mfukoni, mfuate, mkae.

Na upande mwingine kuna Uganda, Januari 2023, mjini Jinja: Arsenal imeifunga Manchester United tatu kwa mbili, mashabiki wakaingia barabarani na kikombe cha kuigiza kana kwamba wamechukua ligi, polisi wakawakamata wanane kwa kuandamana bila kibali. Msimu wenyewe Arsenal ikamaliza ya pili. Mtu aliyekaa bila taji la ligi tangu 2004 ukimwonjesha mechi moja, hesabu za kalenda hazimhusu.

Yule mzee wa kibandani, aliyebaki mpaka penalti ya Pacome, Septemba 2025 hakutaka kuja. Alisema mguu unamsumbua. Saa kumi jioni, timu bado hazijatoka vyumbani, jirani yake wa Yanga, mvunja fedha pale mpakani, akaingia kibandani akaangalia zile benchi, akauliza, "Ami yuko wapi?" Akaambiwa mguu. Akasema, "Mguu gani? Mpira hauchezi yeye." Akampa bodaboda hela ya kwenda na kurudi, na mto wa kukalia. Mzee akaletwa, ananung'unika njia nzima, jezi nyekundu ameivaa ndani ya shati. Mlangoni akataka kutoa kiingilio chake, mwenye kibanda akamwambia kimeshalipwa.

"Kalipa nani?"

"Nimelipa mimi, ami," akasema yule wa Yanga, akamshika mkono. "Na kwa kuwa nimelipa mimi, utakaa benchi ya mbele, katikati yetu, na hilo shati utalivua."